Nyoka Katika Gunia la Makaa

Mazungumzo ya redio. Somo: Matendo ya Mitume 28:1-10

Nakusalimu wewe uliyeamka mapema ukawasha redio huku chai ikichemka. Nakusalimu na wewe mlinzi wa lango, ambaye umekesha usiku kucha na sasa wangoja mwenzako aje akupokee zamu. Karibuni tukae pamoja kwa muda mfupi.

Habari ya somo letu mnaikumbuka. Merikebu imevunjika, na watu 276 wamefika nchi kavu katika kisiwa cha Malta, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya vipande vya mbao. Wamelowa. Mvua inanyesha na baridi ni kali. Wenyeji wa kisiwa, watu wema wasiowajua hawa wageni, wanawawashia moto.

Sasa tazama jambo moja ambalo wengi wetu hulipita tukisoma. Paulo ni mtume. Tena ni mzee, ni mfungwa, na amechoka na bahari ya siku kumi na nne. Angeweza kukaa kando ya moto na kungoja kuhudumiwa, wala hakuna ambaye angemlaumu. Lakini yeye aliinama akaokota kuni. Na ndani ya mzigo ule wa kuni alikuwamo nyoka. Alipousogeza motoni, joto lilimfukuza nyoka naye akamwuma Paulo mkononi.

Luka, aliyeandika habari hizi, alikuwa tabibu. Paulo mwenyewe anatuambia hivyo katika waraka kwa Wakolosai. Na Luka hasemi kwamba nyoka yule alitumwa na mtu. Hasemi kwamba alikuwa nyoka wa ajabu. Anasema joto ndilo lililomtoa. Nyoka alikuwa amejificha kwenye kuni kwa sababu ya baridi, kama nyoka wafanyavyo, moto ukamwamsha. Basi.

Lakini wale wenyeji hawakuishia hapo. Walipomwona nyoka mkononi mwa Paulo, waliambiana kwamba bila shaka mtu huyu ameua mtu. Ameponea baharini lakini haki haikumwacha. Dakika moja, na hukumu imekwisha kupita. Hakuna aliyeuliza kuni zile zilitoka wapi.

Ndugu zangu, nina sababu ya kulichagua somo hili, na sababu yenyewe si ya kujivunia. Nataka niwasimulie.

Mtu wa mjini hupenda kusema kwamba nyoka ni jambo la shamba. Husema, mimi naishi Nairobi, nyoka niliwaacha nyumbani kwa baba. Lakini waulizeni wazee wa Kinubi pale Makina, watakuambieni maana ya jina Kibra katika lugha yao. Ni msitu, ni pori. Babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles, wakapewa mahali pale pa kukaa mwanzoni mwa karne iliyopita, na palikuwa na miti. Sisi wengine tulikuja nyuma yao, tukajenga, tukabanana, mpaka ukuta wa nyumba yangu ukawa ndio ukuta wa nyumba yako. Hata hivyo msitu wa Ngong ungali upande wa magharibi, haukwenda mbali. Na ukiteremka Lindi, Silanga na Laini Saba unafika kwenye Bwawa la Nairobi, lililochimbwa mwaka 1953, ambalo leo magugu yamelifunika mpaka mgeni haoni kwamba ni bwawa. Kule Kawangware nako kuna vijito mabondeni, kuna mashamba madogo ya sukuma wiki na mihindi, na kuna nyasi ndefu nyuma ya ploti ambazo kila mpangaji anadhani ni kazi ya mpangaji mwingine kuzifyeka.

Mwaka 2024, mwezi wa nne na wa tano, mvua ilitupiga. Mnakumbuka. Zaidi ya watu 200 walikufa katika nchi yetu, na hapa mjini mito iliingia ndani ya nyumba. Maji yanapoingia katika mashimo, si watu peke yao wanaohama. Panya huhama, na nyoka pia huhama wakitafuta pakavu.

Basi katika siku zile niliitwa kwenye ploti moja Kawangware. Alikuwapo mama mmoja mjane, mwuza makaa. Alikuwa akinunua makaa kwa gunia na kuyauza kwa mkebe, mlangoni pake, na biashara yake ilikuwa ikienda vizuri kuliko za wenzake. Asubuhi hiyo alitia mkono katika gunia lililokuwa nusu, akagusa kitu laini. Akapiga kelele. Nyoka akatoka, vijana wakamwua kwa rungu.

Nilipofika nilikuta watu wamejaa uani. Nyoka amelala chini, mwembamba, wa rangi ya kahawia, urefu wake kama hatua moja ya mtu mzima. Usoni alikuwa na mistari miwili iliyofifia, kila upande wa kichwa. Na maneno yalikuwa yamekwisha kupangwa. Walisema nyoka huyu ni wa biashara. Walisema mama huyu anamfuga ndani ya gunia, ndiyo sababu wateja hawamwishi. Mmoja akakumbuka kwamba mume wa mama huyu alikufa ghafula. Mwingine akakumbuka mtoto fulani wa ploti aliyeugua mwaka uliopita. Unaona jinsi mambo yanavyokwenda? Kila mtu ana kipande chake, na vyote vinaingiana kama mabati juu ya paa.

Nami nilifanya nini? Niliomba. Niliomba kwa sauti kuu, nikakemea, nikaamuru kila roho ya nyoka itoke katika ploti ile. Watu wakaitikia amina, wengine wakalia. Niliweka mkono juu ya kichwa cha yule mama na kuomba afunguliwe, naye alikuwa kimya tu, ameinamisha uso. Kisha nikanywa soda niliyoletewa, nikaenda zangu.

Sikuuliza swali hata moja. Nyuma ya nyumba yake, hatua chache tu kutoka pale niliposimama kuomba, palikuwa na rundo la mawe, mabati ya zamani, matairi na takataka za ploti nzima, na nyasi zimeota juu yake. Nililiona rundo lile kwa macho yangu. Hata nililizunguka nisichafue viatu.

Wiki mbili baadaye, saa mbili za usiku, mvulana wa ploti ile alikuwa akienda choo. Hakuwa na taa. Njia inapita kando ya rundo. Akakanyaga bafe. Wengine wenu mnamwita moma, na ndugu zetu wa Tanzania humwita kifutu. Ni yule mnene, mfupi, mwenye rangi za majani makavu na udongo, ambaye hakimbii akisikia mtu anakuja. Hulala palepale, akitegemea kwamba hutamwona. Na kweli humwoni.

Mvulana akaumwa mguuni. Walimfunga kamba chini ya goti, wakaikaza sana. Wakamchanja kwa wembe. Mtu akaleta jiwe jeusi, likabandikwa. Kisha wakakumbuka kuniita, nami nikaenda, na hapo nataka mnisikie vizuri: niliomba tena. Niliomba kwa muda mrefu, huku mguu ule ukivimba mbele yangu mpaka ngozi inang'aa. Mama yake mvulana ndiye aliyesema, basi, tumpeleke hospitali. Ilikuwa imekaribia saa tano. Saa tatu zilikuwa zimepotea, na moja ya hizo niliipoteza mimi nikiwa na Biblia mkononi.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini vidole viwili vya mguu vilikatwa, na nyama kubwa ya mguu ilikufa. Akitembea leo utamjua kwa mbali.

Na yule mjane? Usiku uleule vijana walimwendea. Sasa walikuwa na ushahidi wa pili. Hawakumpiga, lakini magunia yake yalimwagwa mtaroni, na kulipopambazuka hakuwapo. Mwenye ploti hakupinga. Nyumba ilipata mpangaji mwingine kabla ya mwisho wa mwezi.

Mpenzi msikilizaji, katika habari ya Malta wenyeji walimhukumu Paulo, kisha wakabadili nia walipoona hakufa. Wakasema ni mungu. Wamekosea mara mbili kwa muda mfupi, na mara zote mbili kwa sababu ileile: kwao nyoka hawezi kuwa nyoka tu. Lazima awe barua kutoka mahali fulani. Sisi katika mitaa yetu tumezidi, kwa maana wale waliungoja mwisho wa jambo. Sisi hatungoji.

Baada ya mambo hayo nilikosa usingizi. Nikaenda kwenye bustani ya nyoka pale Makumbusho, hapa Nairobi, iliyopo tangu mwaka 1961. Nilikuwa nimewahi kupeleka watoto wa Shule ya Jumapili huko, nikacheka nao, nikarudi. Safari hii nilikwenda peke yangu kama mwanafunzi. Nikamweleza mfanyakazi mmoja yule nyoka wa gunia alivyokuwa: rangi ya kahawia, mwembamba, mistari usoni. Hakuhitaji kufikiri. Akasema huyo ndiye nyoka wa nyumbani, hana sumu, wapo wengi Nairobi, chakula chake ni panya. Akanionyesha mmoja nyuma ya kioo. Alikuwa yuleyule.

Nilisimama pale kwa kitambo. Kumbe nyoka tuliyemkemea kwa jina la Yesu alikuwa amekuja kula panya wetu. Na mama aliyefukuzwa kwa ajili yake hakuwa na kosa lolote ila kuwa na gunia lenye joto, mahali penye panya.

Ndipo nilipoanza kujifunza, na mengine nawapa leo, maana nisipowapa nitakuwa nimekaa nayo bure.

Nyoka hafuati mtu. Nyoka hufuata chakula na maficho. Chakula chake katika mitaa yetu ni panya, na kwa wengine vyura. Panya naye hufuata nini? Hufuata ugali uliomwagwa, maganda, mifuko ya takataka iliyotundikwa ukutani, unga usiofunikwa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama nyoka atakuja kwako, usiulize jirani yako ni mchawi au si mchawi. Uliza panya wako wanalala wapi. Rundo la mawe, mbao zilizolazwa chini, mabati yaliyoegemezwa ukuta, matofali ya jengo ambalo halitajengwa, hayo ndiyo makao. Ondoa rundo, fyeka nyasi hatua kadhaa kutoka ukutani, ziba tundu chini ya mlango kwa udongo au saruji, ziba pale mabati yasipokutana na ukuta. Ukiwa unauza makaa au kuni, panga juu ya mbao zilizoinuliwa kutoka chini, na usitie mkono usipoona. Tumia koleo au fimbo kwanza. Paulo alitumia mkono.

Watu wataniuliza juu ya mafuta ya taa, na oili chafu ya gari, na kuchoma raba, na kitunguu saumu. Nimekuta haya yote yamemwagwa kuzunguka nyumba, na fedha zimetumika. Hakuna ushahidi kwamba yanamzuia nyoka aliyeona panya. Zaidi ya hayo, mafuta ya taa penye watoto na jiko la mkaa ni hatari kubwa kuliko nyoka. Mnajua jinsi moto unavyokwenda katika nyumba zetu.

Wale mnaolala chini sakafuni, na ni wengi, hasa watoto, nasema nanyi kwa upole, maana si wote wenye uwezo wa kununua kitanda. Nyoka wa usiku, hata swila yule atemaye sumu, huingia akitafuta panya na hupita juu ya aliyelala. Mtu akigeuka, huumwa bila nyoka kukusudia. Neti ya mbu, ikichomekwa vizuri chini ya godoro pande zote, humzuia. Neti moja inakukinga na mbu na inakukinga na huyo. Na usiku usiende choo bila taa na bila viatu. Hata tochi ya simu inatosha. Kama taa ya njia imezimika na wakubwa hawajaja kuitengeneza, changeni kidogo kidogo mnunue balbu.

Si kila nyoka ni adui. Katika nchi yetu wapo aina zaidi ya 100, na walio wengi hawawezi kumwua mtu. Wale wembamba wa kijani mnaowaona karibu na bwawa na mitoni, wakazi hupiga kelele kwamba ni mamba wa kijani. Mara nyingi ni nyoka wa majini asiye na sumu, anayekula vyura na samaki. Lakini mimi nawe hatuna macho ya kutofautisha, kwa hiyo shauri ni moja kwa wote: rudi nyuma polepole, waondoe watoto, mtu mmoja amwangalie kwa mbali asipotee machoni, na mwite anayejua. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lina makao yake Barabara ya Lang'ata, si mbali na Kibera. Wapo wanaoumwa wakijaribu kumwua au kumshika. Na hata akiisha kufa, usikishike kichwa chake. Kinaweza kuuma bado.

Sasa juu ya aliyeumwa. Hapa naomba mama aliye karibu na redio aongeze sauti.

Usifunge kamba. Kamba ile tuliyomfunga mvulana ilisaidia kuua nyama ya mguu wake. Usichanje, usinyonye, usibandike jiwe jeusi, usimwagie mafuta ya taa, usimpe pombe. Mvue pete, bangili, kiatu na kitu chochote kinachobana, kwa sababu uvimbe unakuja. Mlaze, mtulize, mguu au mkono usitikisike. Waweza kuuegemeza kwa ubao na kitambaa kisichokazwa. Usimwache atembee. Kumbuka saa aliyoumwa. Kisha hospitali, mara moja, kwa matatu, kwa bodaboda akiwa katikati ya watu wawili, kwa mkokoteni ikibidi. Akitemewa sumu machoni, osha kwa maji safi mengi, robo saa nzima au zaidi, usisugue, kisha hospitali.

Omba njiani. Tafadhali usinisikie kana kwamba nakataza maombi. Mimi ni mhubiri. Naomba tu yafanyike huku gari likitembea.

Na kabla ya siku hiyo, ulizeni zahanati iliyo karibu nanyi kama wanayo dawa ya sumu ya nyoka, na kama hawana, wanampeleka mgonjwa wapi. Msingoje kuuliza usiku. Dawa hiyo si rahisi kupatikana. Hutengenezwa kwa damu ya farasi waliozoezwa sumu kidogo kidogo, na ni lazima iwe imetengenezwa kwa nyoka wa nchi zetu. Ya nyoka wa Bara Hindi haitafaa kwa bafe wa Kawangware. Kampuni moja kubwa ya Ufaransa iliacha kutengeneza dawa yake ya Afrika mwaka 2014, kwa kuwa haikuwa na faida. Wanaoumwa ni watu maskini, unaona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa nyoka duniani, na mwaka 2017 liliweka jambo hili katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Tena nafurahi kuwaambia kwamba hapa hapa Nairobi, Karen, katika Taasisi ya Utafiti wa Nyani, wako wataalamu wanaotafiti sumu za nyoka wetu ili dawa ipatikane kwetu. Waombeeni kwa majina ya kazi yao. Sijasikia kanisa linalofanya hivyo.

Pengine yuko anayesema moyoni, Pasta, katika Injili ya Marko mwisho kabisa hakuna habari ya waaminio kushika nyoka? Ipo. Na wapo walioifanya kuwa ibada. Kule Marekani, katika milima ya Tennessee, mhubiri mmoja jina lake George Went Hensley alianzisha desturi ya kushika nyoka kanisani mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi walimfuata. Mwaka 1955 aliumwa katika ibada, akafa. Paulo hakumtafuta nyoka wa Malta, alikuwa akitafuta kuni. Tena alipoumwa hakuita watu waje waone. Alimkung'uta tu, na habari inayofuata ni kwamba alikwenda kumwombea mzee mmoja mgonjwa wa homa na kuhara damu.

Na ile nyoka ya shaba aliyoifanya Musa jangwani, ambayo watu waliitazama wakapona? Someni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 18. Miaka mingi baadaye watu walikuwa wakiifukizia uvumba. Mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande, ingawa Musa ndiye aliyeitengeneza, ingawa Mungu ndiye aliyeagiza. Nawaza juu ya hilo kila nionapo chupa ya mafuta imetundikwa juu ya mlango, na chini ya mlango pana tundu la panya.

Narudi kwa yule mjane, kisha nimalize.

Nilimtafuta miezi mitatu. Nilimpata Kibera, upande wa Lindi, katika nyumba ndogo ukishuka kuelekea mtoni. Hakuwa akiuza makaa tena. Hakuwa na mtaji. Alikuwa akiwafulia watu nguo. Alinikaribisha, akanifutia kiti. Nikamweleza niliyoyajua kule Makumbusho, nikamwambia, "Mama, nimekuja kukuomba msamaha. Niliweka mkono juu ya kichwa chako mbele ya watu kana kwamba una pepo, nawe hukuwa na neno."

Akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Pasta, uliomba vizuri sana. Hata mimi nilianza kujishuku. Niliogopa gunia langu mwenyewe."

Maneno hayo, wapenzi, sijapata namna ya kuyasahau. Sikuja tayari kuyasikia.

Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema kwamba hilo analifanya, lakini analifanya polepole, na kwamba yule mvulana ndiye anayemwota usiku. Aliniuliza, anatembea? Nikamwambia anatembea. Akauliza, kwa fimbo? Nikamwambia, bila fimbo. Akashukuru Mungu, akainuka kuweka chai.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Kawangware, mimi na vijana wa kanisa kumi na wawili, na majembe, na slasha, na mikokoteni miwili tuliyokodi kwa sadaka. Tulianza asubuhi, kila mtu na viatu vya mpira na fimbo ndefu ya kugeuzia mawe kabla ya kuyashika. Wapangaji walitutazama mpaka saa nne. Kisha mmoja akatoka na ndoo, na wengine wakafuata. Kijana mmoja kati yao alikuwa miongoni mwa waliomwaga magunia. Alifanya kazi kuliko wote na hakusema neno. Katika rundo lile tulikuta mashimo ya panya yasiyohesabika. Tulimkuta na bafe mmoja chini ya bati, tukarudi nyuma, tukamfunika tena, tukapiga simu, wakaja wanaojua wakamchukua akiwa hai ndani ya pipa. Yule mvulana alisimama mlangoni kwa mama yake, akitazama pipa likipita.

Jioni nilimwambia mwenye ploti, mbele ya wapangaji wote, yule nyoka wa kwanza alikuwa nani na alikula nini, na ya kwamba mimi niliwapotosha. Wengine hawakupenda. Mzee mmoja aliniambia kwamba mchungaji hapaswi kusema hivyo mbele ya watu, atapunguza imani yao. Huenda. Lakini mama watatu waliniuliza mjane anakaa wapi sasa, na mmoja alitaka kujua gunia la makaa la kuanzia ni bei gani siku hizi.

Tuombe.

Bwana Mungu, uliyewaumba hata hawa tunaowaogopa, mkumbuke mama yule anayefua nguo za watu kule Lindi, umrudishie kazi ya mikono yake. Mkumbuke mvulana wetu na mguu wake. Wakumbuke wauguzi walio zamu usiku huu, uwape dawa katika rafu. Na wale watakaotoka gizani kwenda choo leo, Baba, uwaonyeshe njia. Katika jina la Yesu. Amina.